Ukungu wa Pangani mwezi wa Januari: uchambuzi wa barua za Bibi

Barua za Bibi zilizobaki ni 53. Baba alikuwa akizitia katika sanduku la bati alimowekea vyeti vyake, na alipofariki tukaendelea kuzitia humo humo bila kujiuliza kwa nini. Ya kwanza ni ya mwaka 1974 na ya mwisho ni ya 1991. Zote zimeandikwa Pangani, kwenye nyumba ya makuti iliyokuwa hatua chache kutoka mahali mto unapomwaga maji baharini, na zote zilisafiri hadi Mwanza, ambako kazi ya Baba ilituweka.

Kati ya 1983 na 1989 Bibi alikuwa akipoteza macho. Alituambia. Alituambia karibu katika kila barua, kwa maneno ya nyumbani kwake: mchele, taa, ukili, kuku. Tulizisoma kwa sauti sebuleni, tukasema Bibi hajambo, anatusalimu, tukazikunja.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Nimefundisha na kusahihisha barua za kirafiki kwa miaka mingi, anwani kulia, mwisho jina. Kwa hiyo kisa hiki kinaniuma mara mbili, kama mjukuu na kama mtu anayelipwa kwa kujua kusoma. Nimezipanga barua zote kwa tarehe na kuzisoma mfululizo, jambo ambalo hatukulifanya hata mara moja Bibi alipokuwa hai, na haya ndiyo niliyoyakuta.

Kwanza lazima nieleze kwamba Bibi alikuwa na miandiko miwili. Alizaliwa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza na akasoma chuoni, kama watu wa pwani walivyokiita chuo cha Kurani, akahitimu. Kwa herufi zile zile za Kurani aliandika Kiswahili, kama walivyoandika wazee wake na wazee wao. Kisha ikaja kampeni ya kisomo. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na Bibi, akiwa na miaka hamsini na kitu, akaenda kukaa kwenye dawati la watoto pamoja na wanawake wenzake, jioni, baada ya kazi za shamba. Alitusimulia kwamba siku ya kuandikishwa aliulizwa kama anajua kuandika. Akasema anajua. Akapewa kalamu, akaandika jina lake kutoka kulia kwenda kushoto, na kwenye daftari la mahudhurio ikaandikwa: hajui. Hakukasirika. Alisema alitaka herufi za kizungu kwa sababu wajukuu zake walikuwa wakifundishwa hizo. Mwaka 1975 alifanya mtihani wa taifa wa kisomo na akafaulu.

Basi kati ya barua 53, 19 zimeandikwa kwa herufi za Kiarabu, na hizo alimwandikia Baba peke yake. Zilizobaki 34 ni za herufi za kirumi, na hizo ni zetu. Tofauti yake haiishii kwenye herufi. Kwa kirumi Bibi aliandika kama alivyofundishwa kwenye kisomo, na kisomo kilimfundisha kwamba barua ina mlango wake wa kuingilia. Zote zinaanza hivi: "Wajukuu zangu wapendwa, salamu nyingi ziwafikie. Mimi huku sijambo, hofu na mashaka ni juu yenu nyinyi mlio mbali na upeo wa macho yangu." Halafu kuku, nazi, mvua, nani kaoa, nani kafa. Kwa herufi za Kiarabu hakuna mlango huo. Ni Bismillahi, kisha "mwanangu," kisha neno lenyewe: paa linavuja upande wa ukumbini, fundi anataka fedha zake, jirani kadai mnazi wa mpakani, goti haliniachi nikarukuu vizuri. Ni sauti ya mtu anayezungumza na mwanawe mlango ukiwa umefungwa.

Baba alikuwa akizisoma hizo kimya, akatuambia mambo mawili matatu, akaenda posta kutuma fedha. Hakuna mwingine nyumbani aliyezijua herufi hizo. Mama ni Msukuma, sisi tulisoma shule za serikali. Alipofariki Baba, Oktoba 1983, sauti ile ya Bibi ilikosa msikilizaji, naye akaacha kuiandika. Tangu siku hiyo tulibaki na Bibi wa kuku na nazi.

Lakini ni kuku na nazi hizo ndizo nataka tuzitazame kwa karibu, kwa sababu zina mambo mengi kuliko tulivyodhani.

Bibi aliandika nyumba yake kama mtu anayeshika hesabu ya duka. Ukisoma barua za 1976 hadi 1982 unajua kila kitu: minazi imeangushwa lini na zimetoka nazi ngapi, ngapi kauza, ngapi kakuna na kukamua tui akapika mafuta. Unajua kuku kwa rangi zao, yule mwekundu, yule wa madoadoa, yule mweusi mwenye shingo tupu aliyependa kutaga uvunguni mwa kitanda. Unajua ukindu umeanikwa lini. Kusuka mikeka ndiyo iliyokuwa kazi ya mkono wake. Alichana makindu akatoa chane, akachovya nyingine kwenye rangi, zambarau, kijani, nyekundu, na baada ya alasiri akakaa barazani akisuka ukili, utepe ule mrefu unaokunjwa kama gurudumu. Kili zikitosha huziunga kwa kushona ukingo kwa ukingo, zikawa mkeka. Kila mtoto aliyezaliwa kwetu alipata mkeka wake, na katika barua iliyokuja nao Bibi alieleza nakshi: hapa nimeweka macho ya kuku, hapa nimepitisha kijani mara mbili. Katika miaka ile ya shida, sukari ilipokuwa ya foleni na sabuni ikawa habari, aliandika bila kulalamika kwamba anakunywa chai ya mchaichai kavu na nguo anafua kwa maji ya majivu. Mwaka 1983, msako wa wahujumu uchumi ulipoanza, aliandika sentensi moja tu: "Duka la karibu limefungwa, chumvi tunaazimana."

Sasa tazama yaliyoanza kubadilika.

Januari 1984, barua ya kwanza baada ya msiba: "Kaskazi imeingia. Asubuhi kuna ukungu mpaka jua lipande." Mwanza ukungu wa asubuhi juu ya ziwa ni kitu cha kawaida, kwa hiyo sentensi hiyo ilitupita. Lakini Januari Pangani ni kaskazi: anga ni jeupe kutoka alfajiri, na ukisimama ufukweni unaona majahazi yakiwa mbali kabisa. Mtu yeyote wa pwani angeuliza, ukungu gani huo? Baba angeuliza.

Agosti 1984: "Mafuta ya taa ya siku hizi hayana nuru. Nawasha kibatari, lakini naona kama sijawasha." Tulisema wanachanganya na maji. Ilikuwa miaka ya kuchanganya kila kitu, na kaka yangu alikasirika sana kwa ajili ya Bibi, akawalaani wauzaji.

Mwaka 1985 alizaliwa mtoto wa dada yangu, na mkeka ukaja. Ulikuwa mweupe. Hauna zambarau, hauna kijani, ukindu mtupu kutoka ukingo hadi ukingo. Mama aliushika akasema rangi hazipatikani, masikini. Ila kufikia wakati huo bidhaa zilikuwa zimeanza kurudi madukani, kwa kuwa mwaka 1984 serikali ilikuwa imewaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza mizigo. Hata khanga mpya zilikuwa zimeonekana. Jambo tusilolijua ni kwamba ukili mweupe unaweza kuusuka gizani. Vidole vinahesabu, juu, chini, juu, chini. Nakshi ndiyo inayotaka macho. Wasukaji wote wa mikeka wanalijua hilo, na Pangani nzima ina wasukaji.

Mwaka 1986: "Wali nimeuacha, siku hizi nala muhogo na ugali wa dona. Mchele una kazi nyingi." Kazi ya mchele ni kuuchagua, kuutandaza kwenye ungo na kutoa mawe moja moja. Katika mwaka huo huo kuku wake walipoteza rangi. Katika barua zote za 1986 na 1987 hakuna kuku mwekundu wala wa madoadoa. Kuna "yule mwenye kelele," na "yule anayenigonga miguuni."

Na ule mlango wa barua ukabadilika. Hili nililigundua mwisho kabisa, na ndilo lililonifanya nikae chini. Kutoka 1975 hadi 1985 kila barua ya kirumi ina maneno "mlio mbali na upeo wa macho yangu." Kuanzia Machi 1986 inasomeka "mlio mbali nami." Mtu anayeandika kwa mazoea habadilishi mazoea yake bure. Sidhani alikaa akapanga kutupa dokezo. Nadhani kalamu ilifika kwenye neno "macho" akashindwa kuliandika kama vile hakuna kitu.

Mwandiko wenyewe ulikuwa ukikua. Barua ya 1978 ina mistari 24 kwa ukurasa. Ya 1986 ina 11, na mingine inapanda juu ya mwenzake. Kisha mwaka 1987 mwandiko ukanyooka ghafla, mzuri, wa darasani. Tulifurahi. Nakumbuka nilisema mimi mwenyewe kwamba mkono wa Bibi umepata nguvu. Alikuwa ni mtoto wa jirani, wa darasa la sita, aliyekuwa akiandikishwa kwa malipo ya kaimati.

Desemba 1989 nilipata likizo ndefu na nauli, nikaenda. Nilifika saa kumi jioni nikamkuta barazani anasuka. "Shikamoo, Bibi." "Marahaba, mke mwenzangu," akajibu papo hapo, akataja jina langu, kwa hiyo sikushuku. Aliinuka kunichemshia chai. Nyumba yake aliijua kama unavyojua mdomo wako, hakujikwaa popote. Alileta kikombe, akashika birika, na hapo ndipo nilipoona. Alikuwa amepitisha kidole cha shahada ndani ya kikombe, kimekunjwa juu ya ukingo, na alimimina mpaka chai ya moto ikagusa ncha ya kidole. Kisha akakitoa, akakipangusa kwenye khanga, akanipa.

Nikamuuliza, "Bibi, unaniona?"

Akasema, "Nakuona kama mtu aliyesimama nyuma ya chandarua."

Majirani walijua. Hawakuona kuna la kusema, kwa sababu kila mmoja ana mama au shangazi aliye hivyo hivyo, na jina la jambo hilo ni uzee. Jina hilo limefunga milango mingi. Ugonjwa unatafutiwa dawa, uzee unatafutiwa mtoto wa kumshika mtu mkono hadi msalani. Alichokuwa nacho Bibi ni mtoto wa jicho: lenzi iliyo ndani ya jicho inachafuka polepole mpaka mwanga haupiti. Hakuna dawa ya kutia wala ya kunywa inayouondoa uchafu huo, unatolewa kwa upasuaji, na wengi wanaopasuliwa wanaona tena. Hospitali ya KCMC pale Moshi ilifunguliwa mwaka 1971, na madaktari wa macho walikuwepo. Kutoka Pangani hadi Moshi ni safari ya siku moja ya basi. Miaka yote sita dawa ilikuwa umbali wa siku moja.

Mama yangu hadi leo anasema Bibi alituficha. Nimebishana naye sana, kwa heshima, na bado nabisha. Mtu anayeficha haandiki kwamba kibatari hakina nuru. Anaandika kwamba kila kitu kiko sawa, na Bibi hakuandika hivyo mahali popote isipokuwa kwenye mlango wa barua, pale ambapo sote tunaandika "sijambo" hata tukiwa na homa. Nilipomuuliza mwenyewe kwa nini hakutamka, alinyamaza muda mrefu, akasema, "Ningetamka mngekuja kunichukua." Aliogopa Mwanza. Aliogopa nyumba asiyoijua kwa miguu yake, jiko la mtu mwingine, baraza isiyo na sauti ya bahari. Hapo nadhani ndipo ulipo ukweli wote: alitaka tujue, na hakutaka tuchukue hatua tuliyozoea kuichukua. Aliyaweka maneno katikati, akatuachia sisi. Na sisi kila jambo tulilipatia sababu nyingine iliyokuwa nzuri, rangi hazipatikani, mafuta yamechanganywa, mchele una mawe. Kila sababu peke yake ilisimama. Barua zilikuja moja moja, miezi miwili mitatu kati yake, na hakuna aliyerudi kwenye sanduku kuisoma ya jana pamoja na ya leo.

Alipasuliwa Moshi mwaka 1990. Akavishwa miwani minene, kama walivyovishwa wengi waliotolewa lenzi wakati ule. Jicho la kulia lilirudi. La kushoto lilikuwa limechelewa, kwa maana mtoto wa jicho akiachwa akaiva mno anaweza kupandisha shinikizo ndani ya jicho hadi mshipa wa kuonea ukafa.

Bibi alifariki 1992. Mwaka uliofuata nilizichukua zile barua 19 za Baba nikampelekea mwalimu mmoja wa madrasa hapa Mwanza, mzee wa asili ya Tanga, anisomee. Alisoma vizuri mpaka alipofika kwenye ya mwisho, ya mwezi wa Rajabu mwaka 1403, ambayo ni kama Aprili au Mei 1983. Akasita. Akairudia. Akanionyesha kwa kijiti: baada ya maneno "mwanangu, jicho langu la kushoto," kuna neno la herufi chache, be, wau, fe. Herufi za Kiarabu hazina p, wala hazina v. Waandishi wa zamani waliandika be mahali pa b na p, na fe mahali pa f na v, na alama moja hutumika kwa o na kwa u. Sheikh Al-Amin Mazrui wa Mombasa alijaribu kulirekebisha hilo katika miaka ya 1930 kwa kuongeza herufi, lakini Bibi aliandika kama alivyofunzwa chuoni. "Neno hili," mzee akasema, "ni bovu. Au ni pofu. Yanaandikwa mamoja."

Jicho langu la kushoto bovu. Jicho langu la kushoto pofu.

Nikakumbuka kwamba mwaka ule, kabla hajaanza kuugua, Baba alinituma duka la dawa ninunue mrija wa dawa ya macho, ile ya kupaka, tukaufunga kwenye kitambaa pamoja na fedha akampa mtu aliyekuwa anakwenda Tanga. Baba alisoma "bovu." Au alisoma "pofu" na hakuwa na lingine la kufanya siku ile, na alikusudia kwenda mwenyewe. Mzee aliniuliza kama mwandishi yu hai aulizwe.

Katika barua za mwisho, zile nne alizoandika kwa mkono wake baada ya Moshi, kuku wamepata rangi tena. Mchele umerudi. Upeo wa macho umerudi kwenye mlango. Na katika ya Novemba 1990 kuna maneno haya, ambayo nayanakili yalivyo:

"Nimetazama kili nilizosuka miaka ile. Nimeona haya. Chane zimeruka, mahali pengine mbili zimekwenda pamoja. Basi najua ule mkeka wa mtoto nao una makosa. Msiutandike mbele ya wageni. Ukipata mtu wa kuja huku mpe, niufumue niusuke upya kwa rangi."

Mkeka huo ninao mimi. Sikumpata mtu wa kumpa, na ukweli ni kwamba sikumtafuta. Niliutandaza sakafuni mchana, mlango ukiwa wazi, nikapiga magoti nikapitisha kidole ukili baada ya ukili. Nilirudia mara tatu. Uko mmoja tu: ukili wa nne kutoka ukingoni, karibu na kona, uchane umepita juu ya mbili badala ya moja, kisha mkono umegundua na kurudi kwenye njia.